Sharti la Ndoa na Viatu vya Mlangoni

Kosa la watu wengi wanapokaribia kufunga ndoa ni kudhani kwamba anayeuliza mlango wa kutokea uko wapi amekwisha kuamua kutoka. Watu hao hao wakiingia ukumbini kwenye sherehe huitazama milango yote kwa jicho la pembeni, na hakuna anayewaambia kwamba wameichoka sherehe kabla haijaanza. Barua ya leo imetoka kwa binti anayezungukwa na watu wenye kosa hilo. Yeye hana kosa hilo, ila ana makosa yake mawili, na moja kati ya hayo ameliandika kwa mkono wake bila kuliona. Kabla ya kuichapa barua hii nimebadili kitu kimoja: kile kinachotajwa kuwa kilikaa mlangoni hakikuwa viatu. Sababu ya kukibadili mtaiona mbele. Isomeni kwanza.

*

Mshauri wangu mpendwa,

Asalamu aleikum, na shikamoo pia, maana kwa maandishi yako nakukisia umri wa babu yangu. Nakuomba unisaidie upesi kwa sababu Ijumaa ijayo ndiyo siku ya ndoa yangu na mpaka ninapoandika sijui kama nitaolewa au nitabaki nimekaa nimepambwa kama kochi la dukani, na kila simu ikilia nadhani ni mtu wa kuniambia basi.

Mimi nimesoma sheria ya Kiislamu chuoni, na kazi yangu ni kuwasaidia wanawake wenye kesi katika mahakama ya kadhi. Ofisi yetu iko ghorofani juu ya duka la rangi, hata majalada yetu yananuka tineri, na Jumatano alasiri huwakusanya wanawake kwenye mabenchi nikawafundisha kwamba ndoa katika dini yetu ni mkataba na mkataba hupokea masharti, kwamba mwanamke anaweza kushurutisha aendelee na kazi yake, na anaweza kuomba mume amkabidhi mamlaka ya kujitoa endapo atamtelekeza, jambo ambalo wanazuoni wanaliita tafwidhi, na wanawake wale hunisikiliza na kunitania, wananiita Wakili ingawa si wakili, na mmoja wao anayeuza mitumba aliniambia, "Wakili, sisi umetufikia treni imeshaondoka, haya masharti yafanyie kazi wewe ambaye bado uko stesheni," nikacheka naye, kumbe siku yangu iko njiani inakuja.

Mchumba wangu ni fundi wa lifti. Tulijuana siku lifti ya jengo la mahakama ilipokwama nami nikiwa ndani pamoja na bibi mmoja mwenye kesi ya mirathi, bibi anasoma dua kwa sauti, mimi nabonyeza kila kitufe, na sauti ya mwanamume ikatujia kutoka juu kwa utulivu kabisa, "Mama zangu, msiogope, breki imeshika, hamwendi popote," na bibi akakatiza dua akajibu, "Kwani sisi tunalalamikia nini, si hilo hilo la kutokwenda popote?" Nilicheka mpaka woga ukanitoka, na huyo aliyetutoa ndiye niliyemkubalia. Ni mpole, anaswali, anafanya kazi, na nilipomweleza kwa mdomo tu habari ya sharti langu hakushtuka, aliniambia kila lifti duniani ina breki ya dharura na hajaona abiria anayemtuhumu kwamba amepanga kamba ikatike.

Nikafurahi, nikarudi ofisini nikaandika rasimu ya sharti lenyewe, na kwa kuwa siku hiyo watu walikuwa wengi nilichukua kiolezo cha hati tunachotumia kwenye mashauri yetu nikajaza humo humo nikamtumia kwenye simu. Kesho yake akaniandikia, "Sikujua kwamba nimeshashtakiwa." Nikarudi kukisoma nilichotuma, nikaona kila mahali palipotakiwa kuandikwa mume pameandikwa mlalamikiwa. Niliomba radhi kwa ujumbe, akajibu haina neno, lakini tangu hapo tukizungumza ni habari za viti na maturubai tu, na mimi namjua, akiwa na neno moyoni huwa anazungumzia vyuma na mbao.

Kwa unyonge wake aliipeleka rasimu kwa shangazi yake aliyemlea, na shangazi ni mshonaji wa magauni ya maharusi, ulimi wake ni mkali kuliko mkasi wake. Alinipigia simu. "Mwanangu," akasema, "nimewashonea maharusi tangu ujana wangu. Sijamwona bado anayekuja kupimwa gauni la harusi na nguo ya eda kwa pamoja." Nikasema shangazi, hiyo ni haki iliyomo kwenye dini. Akasema, "Na kitunguu kimetajwa kwenye Qurani, lakini hatukivai kifuani." Nikamshukuru nikakata simu, mimi ninayebishana na makarani na mahakimu.

Kisha habari ikamfikia baba mdogo, ambaye ndiye walii wangu, maana baba yangu aliondoka zamani, na sehemu hiyo nitakueleza. Baba mdogo ni mwalimu mstaafu, ndiye aliyenilipia shule, akifurahi ananiita Profesa na akikasirika ananiita Profesa vilevile. Alinikalisha sebuleni akazima redio. "Profesa, nisimame mbele ya watu nimwozeshe binti wa kaka yangu, halafu papo hapo nisome tangazo la namna atakavyoachana? Talaka Mungu ameiweka mkononi mwa mume. Wewe unataka kumsahihishia Mungu insha yake?" Akasema sharti la namna hiyo linaibatilisha ndoa yenyewe, na kwamba likisomwa Ijumaa, nitafute walii mwingine. Mkewe akaingia na chai akajaribu kupoza mambo, "Si aolewe kwanza, hayo wataandika baadaye wakishazoeana," na baba mdogo akasema ndiyo, baadaye, na baadaye hiyo, mshauri, ndiyo ninayoishughulikia kila siku pale juu ya duka la rangi, wanawake wote wanaolia pale waliambiwa baadaye.

Nilikuwa na tumaini moja tu, nalo ni mama, kwa sababu sharti hili kwangu lina sura yake. Nilipokuwa mdogo baba alikwenda mbali kutafuta kazi, akaleta salamu, kisha salamu zikakatika. Mama hakuachwa na wala hakuwekwa. Alikwenda mahakamani akaambiwa amlete mume, akasema angekuwa naye asingekuja, akaambiwa basi alete mashahidi wa kuwa hayupo, alipowapata karani amebadilishwa na jalada halionekani, mwisho akaacha kwenda. Ni mpishi wa bweni la shule, ametulea kwa mikono yake. Na miaka yote hiyo aliweka viatu vya baba mlangoni, kila baada ya muda akivipaka dawa, na mtu akiuliza alijibu yuko safarini. Mimi nilipofanya utafiti wangu niliandika juu ya wanawake waliotelekezwa na namna wanazuoni wa leo wanavyolitazama jambo lao, na kisa cha mwanamke wa viatu ndicho kilichoufungua utafiti, jina sikulitaja wala mtaa, na kamati inayorekebisha kanuni za mahakama ya kadhi ikauchukua, redio ikasoma kipande chake, na sasa kamati imependekeza kwamba mwanamke aliyetelekezwa asiambiwe tena amlete mume. Wamenialika nikawasomee utafiti huo mwenyewe baada ya harusi. Mimi nilidhani mama atatembea kifua mbele. Hata viatu vyenyewe alivitoa mlangoni siku chache baada ya redio, nikashukuru, nikadhani amepona.

Sasa nilipomwendea na habari ya sharti alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. Akasema, "Liache hilo. Yaliyosemwa yametosha." Nikamwambia mama, wewe kuliko watu wote unajua. Akasema, "Ndiyo, najua. Funga mdomo uolewe." Mama yangu, mshauri, ambaye hajawahi kuniambia nifunge mdomo hata nilipokuwa nabishana na walimu.

Nifanye nini? Nikiliacha sharti, Jumatano nitasimama na uso gani mbele ya wanawake wale, na mbele ya kamati nitasoma nini? Nikilishikilia nitampoteza baba mdogo, pengine na mchumba, na mama amenigeukia. Je, nimwendee kadhi aniozeshe bila baba mdogo? Au niahirishe? Au ni mimi niliyesoma nikapitiliza? Nijibu kabla ya Ijumaa, tafadhali, nachanganyikiwa.

Mimi,
Mwalimu wa Masharti Asiye na Sharti

*

Binti yangu,

Waaleikum salamu, na marahaba. Umri umeukisia vizuri. Keti, kunywa maji, tuyapange mambo yako, maana umeyamwaga yote sakafuni kama mtu anayetafuta ufunguo mkobani.

Nianze na sheria. Wewe unaijua, ila wasomaji wengine wanayo maswali ya baba mdogo wako, na yeye mwenyewe huenda akalisoma gazeti hili. Tuna mazoea ya kuviita vitu viwili kwa jina moja. Kuna sheria aliyoiteremsha Mungu, na kuna fiqhi, yaani juhudi za wanazuoni za kuifahamu. Sheria ni chemchemi, fiqhi ni vyombo vya kuchotea, na vyombo hutofautiana kwa ukubwa na umbo. Katika suala la masharti ya ndoa, kuna madhehebu yanayokubali kwamba mke akishurutisha jambo lenye manufaa naye mume akakubali, mume anabanwa nalo, na akilivunja mke ana haki ya kuomba ndoa ivunjwe. Kuna madhehebu mengine yaliyobana zaidi, yanayosema baadhi ya masharti hayana nguvu. Lakini hata hao waliobana, mara nyingi husema sharti likiwa na kasoro linaanguka lenyewe na ndoa inabaki imesimama. Kwa hiyo ile kauli ya kwamba ukitaja sharti lolote ndoa inabatilika ni woga uliovaa kilemba.

Baba mdogo anasema talaka iko mkononi mwa mume. Ni kweli, na kilicho mkononi mwa mtu anaweza kumkabidhi mwingine. Mwalimu mstaafu anajua hili, maana alikuwa akimkabidhi kiranja darasa na hakuacha kuwa mwalimu. Wanazuoni wa zamani waliijadili tafwidhi kwa urefu. Wapo wanaodhani haya yameletwa na wasomi wa leo, hasa wanawake, kwa kuiga watu wa nje. Hao wasomi wamekwenda kupekua kumbukumbu za mahakama za Kiislamu za karne zilizopita, na humo wamekuta wanawake wa kawaida waliowashurutishia waume zao wasiwahamishe miji na wasiwatelekeze bila matumizi, na makadhi wakaandika bila kukunja uso. Leo ziko nchi za Kiislamu ambazo cheti cha ndoa kina nafasi ya kujaza masharti, na ziko sehemu ambazo bwana harusi hutamka sharti la namna hiyo mara baada ya akdi, yaani tamko la kufunga ndoa, na waalikwa wanasubiri chakula chao kwa amani. Kinachoitwa kipya ni cha zamani kilichofutwa vumbi. Mtume ametufundisha kwamba masharti yanayostahiki zaidi kutimizwa ni yale ya ndoa, na Qurani imemkataza mume kumwacha mke kama kitu kilichotundikwa. Wanaopigania marekebisho ya mahakama wanaomba tu katazo hilo liwe na meno.

Kwa hiyo swali lako la kwanza nimelijibu. Sharti usiliache.

Sasa hili la baadaye. Hapa sikilizeni vizuri, kwa sababu mke wa baba mdogo amegusa jambo lenye ukweli ndani yake bila kujua. Wako wanazuoni wanaosema mume hawezi kukabidhi asichokuwa nacho, na kabla ya akdi hana talaka mkononi, hivyo akabidhi baada ya akdi. Sawa. Lakini baada ya akdi maana yake ni kikao kile kile, kalamu haijawekwa chini na mashahidi hawajanyanyuka. Ile baadaye ya mkishazoeana haina tarehe, na baada ya harusi kila mtu ana shughuli zake. Mkubaliane kabla, mtamke na kuandika papo hapo baada ya akdi, kwa maneno ambayo kadhi wenu anayaafiki. Kesho asubuhi kamuulize kadhi atakayewafungisha anataka maneno gani. Usimpelekee mhadhara, mpelekee swali.

Umeniuliza kama kadhi akuozeshe bila baba mdogo. Unajua kwamba walii akimzuia mwanamke kuolewa na mtu anayemfaa bila sababu ya kisheria, kadhi hushika nafasi yake. Unajua pia kwamba baba yako akiwa hajulikani alipo, wanazuoni wametofautiana hata kama walii ni baba mdogo au ni kadhi. Hiyo ni nyundo, na nyundo ni halali. Lakini unaishika kabla hujajaribu kitasa. Mtu aliyekulipia shule amesema asichotaka ni kukisoma kitu mbele ya watu. Rudi kwenye barua yako uone: ugomvi wake uko kwenye kusoma. Shangazi naye anagombana na kuonekana. Hataki bi harusi wake avae nguo mbili. Hakuna kati yao aliyekwambia kwamba mwanamke aliyetelekezwa abaki akining'inia. Wewe umewaletea hoja za darasani kwenye jambo la aibu, na aibu haijibiwi kwa hoja. Nani aliyesema sharti lisomwe kwenye kipaza sauti? Mashahidi wawili na kadhi katika chumba kimoja wanatosha. Waalikwa waliokuja kula hawana haja ya kujua mmekubaliana nini, kama wasivyohitaji kujua mtalala upande gani wa kitanda.

Na mchumba. Hapa nikusute kidogo. Mwanamume huyo alikwisha kukujibu, tena kwa lugha ya kazi yake, ambayo ndiyo lugha ambayo mtu hasemi uongo kwayo. Alisema kila lifti ina breki. Ulipaswa kuliandika sharti kwa maneno hayo hayo ukiwa umekaa naye, mkikata na kuongeza. Ukaenda ukamfungulia shauri. Sikulaumu kwa haraka ya siku ile. Nakulaumu kwa kudhani kwamba radhi ya ujumbe inafuta hati iliyomwita mlalamikiwa. Mwite, mkae meza moja, umpe karatasi nyeupe na kalamu, umwambie, "Andika wewe breki unayoiona ni ya haki." Yawe mambo mawili tu: kazi yako iendelee, na akitoweka au akikuacha bila matumizi kwa muda mtakaoutaja, mamlaka ya kujitoa ni yako kwa kuijulisha mahakama. Naye kama ana sharti lake, lisikilize. Akikataa baada ya hapo, akatae mwenyewe kwa kinywa chake, basi ahirisha harusi bila kusita. Viti na maturubai vitarudishwa. Lakini kwa ninavyomsoma hatakataa.

Nimefika kwa mama. Nimelichelewesha hili kwa sababu ni zito, na ningelitanguliza usingesikia mengine.

Umeandika kwamba viatu viliondoka mlangoni baada ya redio, nawe ukadhani amepona. Hakupona, binti yangu. Aliumbuka. Jina hukulitaja na mtaa hukuutaja, lakini kuna mwanamke gani mwingine mtaani kwenu aliyeweka viatu mlangoni akasema mume yuko safarini? Kila jirani aliyewahi kupita akaviona alimjua papo hapo. Vile viatu vilikuwa sitara yake. Ndivyo vilivyomfanya aingie dukani, kazini na msikitini kama mke wa mtu, na wewe ukavitoa ukavifanya sentensi ya kwanza ya utafiti. Je, ulimwomba idhini? Katika barua ndefu kama ile hukuandika hata neno moja kwamba ulimuuliza. Wasomi wana adabu zao, na ya kwanza ni kwamba maisha ya mtu hayaazimwi bila yeye kujua, hata mtu huyo akiwa mama aliyekuzaa. Ndiyo maana mimi, kabla ya kuichapa barua yako, nilikibadili kile kitu. Nilitumia nusu ya saa kutafuta cha kuweka badala yake. Nawe ungeweza.

Sasa isikilize tena kauli yake. Yaliyosemwa yametosha. Hakusema sharti ni baya. Wewe umesikia mama akikugeuka, mimi nimesikia mwanamke anayeogopa kwamba Ijumaa, mbele ya ukumbi mzima, sharti likisomwa watu watageuza shingo kumtazama yeye na kunong'onezana, "Ndiye yule wa redioni." Anakukinga na jambo lililompata, na anajikinga mwenyewe na wewe. Hilo la mwisho litakuuma. Acha likuume kidogo, kisha lifanyie kazi.

Kamati iandikie kwamba usomaji unausogeza mpaka upate ruhusa ya mwenye kisa. Akikataa, ondoa viatu. Hoja yako ya kisheria inasimama kwa miguu yake. Na kuna jambo jingine ambalo nimelisubiri katika barua yako mpaka mwisho nisilione. Umewasindikiza wanawake wengi kupanda ngazi za mahakama. Umependekeza kanuni ambayo itawaokoa wasiojulikana majina. Mama yako bado ni mke wa mtu asiyekuwepo, jalada lake bado limepotea, na katika nyumba hiyo hiyo anaishi mtu mmoja anayejua mlango wa kugonga. Je, umewahi kumuuliza kama anataka kwenda tena, safari hii akiwa na mwenzake? Labda atasema hataki. Ni haki yake. Lakini aulizwe. Marekebisho ya haki yanayowapita waliomo ndani ya nyumba yetu yakaenda kuwatafuta wa mbali yana kasoro mahali fulani.

Jumatano utasimama mbele ya wanawake wako bila wasiwasi. Waambie ukweli kwamba kuomba sharti ni vigumu kuliko kulifundisha. Muuza mitumba atakutania, na utastahili.

Mengine yote yana siku zake: kadhi kesho, mchumba keshokutwa, baba mdogo baada ya hapo, ukiwa na karatasi iliyoandikwa na fundi mwenyewe. Leo una kazi moja tu. Mama akirudi kutoka bwenini, weka simu chumbani, ingia jikoni, chukua ungo uchambue naye mchele, umwombe radhi kwa vile viatu, kisha unyamaze mpaka yeye aseme.